Saini ya Siku ya Fanta

Nyiraneza alifika benki kabla mlango haujafunguliwa, akawa anazunguka pale nje kama kuku anayetaka kutaga. Saa tisa mchana wanawake wa ushirika wa karoti walikuwa na mkutano mtaani Nengo, na ajenda ilikuwa moja tu: yeye, mweka hazina wao. Karatasi ya benki ilionyesha faranga elfu kumi na tano zimetoka Aprili, tena Mei, na tena Juni hii ya tisini na tisa, na pembeni maneno yasiyo na kichwa wala miguu: ABT LOG. Kankindi, rais wa ushirika, alishatangaza hadi Grande Barrière, kule mpakani, kwamba mwizi amepatikana. Aibu gani hiyo, jamani! Hata shemeji zake wa Goma walishasikia.

Régis, karani wa benki, aliitazama karatasi mara moja.

"Mama, hii ni abonnement ya logiciel, ile programu ya kompyuta. Munalipa kila mwezi."

"Programu gani? Kompyuta iko mu stoo, tumeifunika kitenge tangu Januari! Nani alikuambia utoe pesa?"

"Iko barua. Ngoja niitafute."

Ngoja! Akakaa, akasimama, akafungua mkoba, akaufunga. Saa saba ikapita. Alimkasirikia Régis, akaikasirikia benki, akaukasirikia hata mlango.

Régis akarudi na kopi. Ilikuwa barua ya Damascène, muuza kompyuta aliyekuja Januari kuwafundisha: miezi mitatu bure, kisha benki ikate yenyewe kila mwezi. Chini palikuwa na saini mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Nyiraneza mwenyewe.

Mungu wangu! Semina zote za mji huu huisha hivyohivyo: karatasi ya mahudhurio inazunguka, unasaini, unapewa pesa ya usafiri na Fanta. Nani huisoma? Siku ile Damascène alizungusha karatasi mbili. Nyiraneza alisaini zote, akapokea elfu mbili zake, akaenda nyumbani anaimba.

"Nitaisimamisha namna gani?" aliuliza.

"Andikeni barua. Lakini benki inataka saini zilezile mbili."

Nengo wanawake walikuwa wameshakaa wanamngoja. Nyiraneza hakungoja kuitwa.

"Sikuiba. Nilisaini bila kusoma, bon, kosa ni langu, munifukuze mukitaka." Akaweka kopi na barua mpya mbele ya Kankindi. "Na we, mama, saini hapa, kama ulivyosaini pale."

Kankindi akaiangalia kopi. Saini ya pili ilikuwa na mkia mrefu, na kila mwanamke mle ndani aliujua.

"Huyu si mwizi," alisema mwishowe. "Tulikuwa wajinga wawili."

Kisha, kabla ya kusaini, akaanza kuisoma barua mpya kwa sauti, tangu mstari wa kwanza.