Safu ya Ishirini na Tatu

Profesa Lorimer alikuwa amekusanya matoleo arobaini na moja ya wimbo ule kutoka kila pembe ya Uskoti, na hakuna hata moja lililokuwa na ubeti wa glavu. La arobaini na mbili, la bibi yangu Elspet, ndilo pekee lililokuwa nao. Ndiyo maana mimi Ishbel, binti wa tarishi wa posta kutoka bonde la mto Deveron, nilipewa meza chuoni na kuahidiwa kwamba jina langu lingeingia kitabuni, chini ya lake.

Wimbo ni wa kale kweli. Kijana anavuka mto uliofurika ili amfikie mchumba wake, mto unamchukua, na mama yake anatembea ukingoni akiuliza maji yamemweka wapi. Kwa waimbaji wengine unaishia hapo. Bibi yangu aliendelea:

Mto ukamchukua, na glavu ukaiacha,
Mamaye kaiokota, mara tu kulipokucha,
Kaizika kanisani, machozi akiyaficha,
Kaburi la glavu moja, alilie mwana wake.

"Kuzika vazi badala ya maiti," alisema Profesa, akisugua mikono. "Desturi hiyo imejificha ndani ya wimbo miaka mia nne, Ishbel, ikitungoja sisi." Nami nikaiandikia sura nzima, kurasa thelathini, kwa majivuno ambayo leo yananitia haya.

Bibi alifurahi kusikia habari za kitabu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hasomi tena, ila vidole vilikuwa vizima.

"Huyo Profesa wako ana miguu mikubwa?"

"Sijawahi kumpima, Bibi."

"Mpime. Nitamfumia soksi. Mtu anayejali nyimbo za watu asitembee na miguu baridi."

Kwetu soksi na wimbo ni kazi moja. Mwanamke hufuma safu moja kwa kila ubeti na kiitikio chake. Wimbo ukiisha, shingo ya soksi imetimia, anaanza mguu. Hakuna anayehesabu, wimbo ndio unaohesabu.

Mwaka 1966, majani yakipukutika, nilibeba kinasa sauti hadi Huntly kwa Bibi Teenie, mdogo wake bibi yangu, ili nipate shahidi wa pili. Wote wawili walifundishwa na mama yao, kwenye benchi moja. Teenie aliimba huku anafuma. Mama wa kwenye wimbo alipomaliza kuuliza maji, Teenie akanyamaza, akaanza mguu wa soksi.

"Bado ubeti mmoja, Bibi," nikamwambia.

"Upi?"

"Wa glavu."

Alinitazama juu ya miwani, akanirushia ile soksi mapajani. "Hesabu safu."

Nilihesabu. Zilikuwa ishirini na mbili.

"Mama yetu alifuma ishirini na mbili. Mimi nafuma ishirini na mbili. Dada yangu anafuma ishirini na tatu tangu mwaka wa mafuriko. Nawe umevaa soksi zake maisha yako yote, msomi mzima, hujui hata kilichoko miguuni mwako?"

Mafuriko yalikuwa mwaka 1947, nami nilikuwa na miaka mitano. Theluji iliyeyuka kwa siku mbili, na baba yangu, Dod, mwana wa Bibi Elspet, akaingia kivukoni na baiskeli yake na mfuko wa barua. Mfuko ulipatikana. Baiskeli ilipatikana. Yeye hakupatikana. Habari za glavu sikuwahi kuambiwa na mtu. Nilikizima kinasa sauti.

Nilipofika nyumbani sikuzungusha maneno. "Bibi, ule ubeti wa mwisho umeutunga wewe."

Sindano zikasimama. "Teenie ana mdomo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Niliikuta glavu imenasa kwenye mzizi, ya mkono wa kushoto, niliyoifuma mwenyewe. Nikampelekea mchungaji, nikamwambia nizikie hii. Akasema kanisa haliziki nguo, Elspet, nenda kapumzike. Nikaenda. Nikamzika ninakokujua mimi."

"Profesa anadhani ubeti una miaka mia nne."

"Mwache adhani."

"Huo ni uongo, Bibi."

"Uongo uko wapi? Mto si mto? Mama si mama?" Akanishika mkono, akaubana. "Ukisema ni wangu watauondoa. Ukisema ni wa kale watauchapa, na Dod atakuwa na mahali pa kulala. Sijawahi kukuomba kitu, Ishbel."

Ni kweli, hakuwahi. Alinilea, akanisomesha, hakuwahi hata kuniomba nirudi nyumbani mapema.

Wiki nzima sikulala vizuri, kisha nikamwambia Profesa. Ningependa kusema nilifanya hivyo kwa kupenda ukweli. Nusu yake ilikuwa woga: siku moja mwingine angekwenda Huntly na kinasa sauti, na mimi ningeumbuka.

Profesa alivua miwani. "Pole sana," alisema, na nadhani ilimtoka moyoni. Kisha akachukua penseli nyekundu. "Lakini unaelewa. Ubeti wa juzi hauwezi kukaa na wa kale." Nilimwomba auweke hata chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo. Akasema tukianza hivyo hatutamaliza. Sura yangu nayo ikaondoka na penseli ileile.

Kitabu kilitoka baada ya miaka miwili. Nilimpelekea Bibi mwenyewe, maana ningeona aibu kukituma kwa posta. Alikipapasa jalada, akakinusa, akanirudishia. Akachukua sindano na uzi wa kijivu.

"Soma nifume. Soksi za Profesa nimezichelewesha mno."

Nikasoma, ubeti kwa safu, naye midomo yake ikinifuata. Ubeti wa ishirini na mbili ukaisha, na chini yake palikuwa na karatasi nyeupe tu. Nikaendelea, macho yangu yakiwa palepale peupe. Nikautoa kichwani ubeti wa glavu, neno kwa neno, na safu ya ishirini na tatu ikazunguka ikafungika.

"Wameuweka," akasema.

"Wameuweka, Bibi."

Kidole gumba chake kikapita juu ya shingo ya soksi.

"Beti zile zote umezisoma," akasema. "Huu umeuimba."

Machozi yalinitoka, na najua aliyasikia, lakini hakunigombeza wala hakunibembeleza. Alichomoa sindano, akauvuta uzi, na safu ya mwisho ikafumuka kitanzi baada ya kitanzi mpaka uzi wake ukalala mapajani umejikunjakunja. Akavirudisha vitanzi vilivyobaki kwenye sindano kwa kupapasa, asipoteze hata kimoja.

"Hizi ni za Profesa wako," akasema. "Za kwake ziwe ishirini na mbili."