Gari Lisilo na Mdomo

Mwaka 2008 Philbert alipoamua kununua gari linalotumia umeme na petroli pamoja, Karatu nzima ilimshauri asinunue, na Karatu ushauri hausubiri kuombwa. Leonida, mkewe, alitaka pikapu. Alikuwa na ndoto zake za vitunguu vya Mang'ola, na magunia ya vitunguu hayaingii kwenye gari dogo ambalo tumbo lake linakaribia kugusa lami. Shemeji yake Dennis, dereva wa watalii, alisema gari ni Landikruza, mengine yote ni baiskeli zenye milango. Fundi Piusi wa nyuma ya soko alifungua boneti, akaona nyaya nene za rangi ya chungwa, akaifunga taratibu kama mtu aliyefungua mlango wa choo akamkuta mkwe wake ndani. Alisema ana watoto wanne na nyaya zile hazigusi. Akaongeza kwamba injini isiyosema si ya kuiamini, maana kimya kingi kina mshindo mkuu.

Philbert aliwaacha waseme. Yeye alikuwa mpishi wa mikate katika loji moja karibu na geti la Ngorongoro, na mikate ya watalii lazima iive kabla watalii hawajaamka. Aliondoka nyumbani alfajiri ya saa kumi, wakati hata kondakta wa basi la kwanza bado anakoroma, kwa hiyo bila gari lake mwenyewe hakuwa na kazi. Gari lake la zamani lilikuwa linakohoa njia nzima na kunywa petroli kama mlevi wa mwisho wa mwezi, na bei ya petroli mwaka ule ilikuwa inapanda kila akienda kituoni. Hili jipya, yaani jipya kwake maana lilikwisha kutumika Japani miaka saba, lilimfaa kwa safari zake. Kwenda kazini kulikuwa mlima, injini na mota vikasaidiana. Kurudi kulikuwa mteremko. Hapo injini ilijizima yenyewe, betri ya nyuma ya kiti ikajichaji, na gari likateleza juu ya lami bila sauti yoyote zaidi ya matairi. Mafuta ya wiki moja yakawa ya wiki mbili na nusu. Kila alipoliwasha, mwanamke wa Kijapani aliyefichwa ndani ya dashibodi alimsalimia kwa heshima zote, na Leonida akamwita mwanamke huyo mke mwenza. Philbert alilipenda gari lile, na alikuwa na haki ya kulipenda.

Mtu mmoja tu hakucheka wala kushauri, naye alikuwa haoni. Huyu alikuwa Naisenya, bibi wa Kimasai aliyeshuka kutoka Malambo na binti yake Naserian baada ya ukame kumaliza ng'ombe wao karibu wote. Walijenga boma dogo kandokando ya barabara ya getini, upande wa kushoto unaposhuka, na ng'ombe wanne waliobaki. Macho ya Naisenya yalikwisha kuliwa na ugonjwa wa vikope tangu Naserian hajaolewa. Lakini masikio yake yangeweza kuajiriwa. Aliyajua malori ya vitunguu, mabasi, na magari ya watalii kampuni kwa kampuni. Kila asubuhi saa nne alisimama ukingoni na galoni la maziwa, akisubiri mlio wa gari la Philbert. Philbert alinunua lita mbili, wakasalimiana, kisha bibi akavuka barabara kwenda bombani upande wa pili, fimbo mkononi, peke yake. Binti yake alimkataza mara nyingi akachoka. Naisenya alisema siku atakayovushwa na mtu, siku hiyo wamzike.

Siku ya kwanza Philbert kushuka na gari jipya, alisimama karibu naye kabisa, akafungua kioo na kumsalimu kwa Kimasai chake kibovu.

"Takwenya, koko."

Bibi alishtuka, maziwa yakamwagika miguuni. Aliuliza kama amekuja kwa miguu leo. Philbert alimwelezea habari za mota na betri, na bibi akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akaipapasa boneti kama anavyopapasa ndama aliyezaliwa na kasoro.

"Gari yako haina mdomo," alisema. "Wewe uwe mdomo wake. Ukifika pale kwenye kona, piga honi mbili. Nikisikia mbili, najua ni wewe, nasimama. Nisiposikia kitu, najua barabara ni tupu."

Wakakubaliana hivyo. Miezi mitatu Philbert alipiga honi mbili kwenye kona, bila kukosa, na bibi akainua galoni.

Mwezi wa nne macho ya mjukuu, mtoto wa Naserian aitwaye Witness, yakaanza kuwa mekundu na kutoa matongo. Naisenya alijua vizuri njia ile inaishia wapi. Alimwomba Philbert amletee mafuta ya macho kutoka duka la dawa mjini, yale ya tyubu, kwa kuwa Naserian hakuweza kuacha mifugo. Philbert akasema kesho. Kesho yake akasahau, akasema kesho. Siku ya tatu akasahau tena, na bibi hakumlaumu, alimuuliza tu kama duka limefungwa. Swali lile lilimchoma Philbert kuliko tusi. Siku ya nne, akiwa anashuka, alikumbuka dawa akiwa amekaribia kona, na akakumbuka pia kwamba hana.

Tuseme ukweli, maana yeye mwenyewe alichelewa kuusema. Philbert hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haya, na haya ikizidi huzaa mambo ambayo ubaya wenyewe usingeyafikiria. Alimwona bibi amesimama ukingoni, kichwa amekiinamisha upande wa mlimani, anasikiliza. Kidole gumba cha Philbert kilikuwa juu ya honi. Akaona kwamba akipiga itabidi asimame, na akisimama itabidi aseme kesho kwa mara ya nne. Gari lilikuwa kimya. Akajiambia atapita tu, polepole, bibi hatajua, jioni atanunua dawa, kesho atapiga honi kama kawaida. Akahama upande wa kulia wa barabara ili ampitie mbali. Naisenya alisikiliza, hakusikia kitu, akaingia barabarani, na breki za Philbert zikachelewa.

Watu wa bombani walifika wakiwa wameshika mawe. Wote walisema jambo moja, kwamba dereva alizima injini mteremkoni ili kubana petroli. Ni mchezo wa madereva wengi wa njia ile, kuweka gia huru na kushuka bure, na umewahi kuua. Hakuna aliyesikia injini, kwa hiyo injini ilikuwa imezimwa, na hoja ikaishia hapo. Wangemuua. Aliyemwokoa ni Naserian, aliyekuja mbio kutoka bomani, akamwona mama yake amelala, akawaona na wao walivyomzunguka Philbert, akaingia katikati yao. Aliwaambia huyu ni mtu wetu, mwacheni. Ndipo akaketi chini kando ya mama yake na kuanza kulia.

Philbert alilala mahabusu siku mbili. Mepukori, kaka yake Naserian, aliteremka kutoka Malambo na wanaume watatu, na maneno yake yalikuwa machache. Mtu aliyemuua mama yake kwa kuogopa kumaliza petroli angejibu kwa serikali, kisha angejibu kwa watoto wa mama. Siku ya tatu mkaguzi wa magari alikuja kulipima gari katika ua wa kituo cha polisi, na Mepukori na wenzake wakaruhusiwa kutazama. Mkaguzi aliliwasha. Mwanamke wa Kijapani akasalimia, taa zikawaka, injini haikunguruma. Gari likaondoka, likazunguka ua mzima mbele ya macho ya watu kama linalosukumwa na mkono usioonekana. Askari mmoja alicheka kwa mshangao kisha akaona haya. Mkaguzi akashuka, akasema dereva hakuzima kitu, gari ndivyo lilivyoumbwa.

 Ndipo mkaguzi akamgeukia Philbert.

"Sasa kama wewe unajua halina sauti, ulipiga honi?"

"Nilipiga," alisema Philbert. "Mbili, kama kawaida."

Neno lilitoka lenyewe, hata hakuliita. Na uongo una bahati yake, maana mwanamke mmoja wa bombani alikumbuka kwamba ndiyo, alisikia honi. Barabara ile magari ya watalii hupiga honi kutwa. Ikaandikwa kuwa ni ajali. Philbert akarudi nyumbani, Leonida akamchemshia maji ya kuoga, akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka majirani wakasikia. Philbert aliitikia amina.

Baada ya wiki moja walikwenda bomani kutoa pole, na sukari, unga na majani ya chai. Philbert alijiandaa kwa matusi. Badala yake Mepukori aliwapokea vizuri, akawaketisha ndani pamoja na wenzake watatu, akaamuru chai, na wema huo ulikuwa mgumu kumeza kuliko jiwe.

"Wewe hatukulaumu, mzee," alisema Mepukori. "Ulipiga honi, mama hakusikia. Masikio yake yalikwisha, na dada yangu alikuwa anaishi naye. Alijua akanyamaza, kwa sababu nani mwingine angechota maji?"

Akaeleza waliyoamua yeye na wazee. Mwanamke aliyeshindwa kumwangalia mama hawezi kuachiwa mtoto. Kesho asubuhi Witness angekwenda Malambo, akalelewa na mke wake mkubwa. Naserian angebaki na ng'ombe. Mepukori aliyasema haya bila hasira, kama mtu anayepanga mambo ya mifugo. Pembeni mwake kulikuwa na kifurushi cha nguo za mtoto kimekwisha kufungwa kwenye kanga. Leonida alisikitika, akasema mama zetu wakizeeka ni mtihani. Philbert alisema anatoka kidogo kupata hewa.

Naserian alikuwa nje, kwenye zizi la ndama. Mtoto alikuwa amelala mgongoni kwake ingawa alikuwa mkubwa wa miaka mitano na miguu yake ilining'inia. Tangu wageni wafike, Naserian hakuwa ameingia ndani. Alimsalimu Philbert kwa heshima, akamwuliza hali ya watoto, akamshukuru kwa sukari. Kisha akauliza jambo ambalo, ilionekana, alikuwa analizungusha kichwani siku zote hizo.

"Baba Angel, wewe ndiye uliyemwona mwisho. Ulipopiga honi, hakugeuza kichwa hata kidogo?"

Philbert alishika mti wa zizi.

"Asubuhi ile nilimwita mara mbili hakuitika," alisema Naserian. "Nilifikiri amekasirika. Kumbe labda ni kweli hasikii. Kaka anasema nilijua. Mimi sikujua, lakini usiku nikilala naona kama nilijua."

Philbert alitazama miguu ya yule mtoto. Alifikiri habari za kazi, za kituo, za Leonida ndani na kikombe mkononi, na za wanaume wanne wa Malambo. Aliogopa, hilo hakulificha hata baadaye. Lakini alikwisha kuona kwamba mwanamke huyu aliyemwokoa na mawe alikuwa amesimama mbele yake anapigwa mawe kwa niaba yake.

"Mama yako alikuwa anasikia vizuri," alisema. "Mimi sikupiga honi."

Naserian alisogea hatua moja.

"Nilimwona. Ile dawa ya mtoto nilikuwa nimeisahau tena. Niliona haya kusimama bila dawa, nikataka nimpite kimyakimya asijue."

Ndama walikuwa wanalia wakitaka mama zao. Philbert alitamani Naserian achukue fimbo, apige kelele, afanye chochote. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeuliza kitu ambacho kweli hakielewi.

"Si ungepiga tu, ukapita?" alisema. "Mama angekutukana kidogo, halafu angevuka."

Jambo hilo Philbert hakuwa amelifikiria. Siku zote zile, mahabusu na nyumbani, alikuwa ameona njia mbili tu, ya kusimama na ya kupita kimya. Hii ya tatu, nyepesi kuliko zote, ndiyo kwanza aliisikia hapo zizini, na alijua ataisikia mpaka afe.

Naserian alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akakaza shuka. Akamwambia njoo. Philbert alimfuata akainama mlangoni, moshi na giza vikamziba macho kwa muda. Mazungumzo yalikatika, kwa kuwa waliokuwa ndani hawakutegemea kumwona Naserian akiingia.

"Mwambie kaka yangu," alisema Naserian.

Leonida aliinua uso. Philbert alianza mwanzo, kwenye dawa, siku ya kwanza mpaka ya nne. Akasema habari za kona, na kidole juu ya honi, na alivyohama upande wa kulia. Akasema pia alichomjibu mkaguzi. Mepukori aliweka kikombe chini, na wale wanaume watatu wakasimama mmoja mmoja.

Naserian hakungoja kuona watakachofanya. Alipita mbele ya kaka yake, akapiga magoti karibu na kile kifurushi, akaanza kufungua fundo la kanga na kutoa nguo za mtoto, moja moja.