Mteja Asiyejua Bobini

Mwalimu wa cherehani alikuwa na ruhusa ya kuja mara tatu. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye kadi iliyokuja ndani ya boksi: ziara tatu, bure, nyumbani kwa mteja, na chini yake visanduku vitatu vya kupigia muhuri. Mstari wa mwisho ulisema, "Mteja anaweza kuweka bobini na kushona mstari ulionyooka bila msaada." Mstari huo ukishapigwa muhuri, mwalimu harudi tena.

Tulikaa ghorofa ya tatu, kwenye majengo ya wafanyakazi hapa katika mji wa viwanda wa Kariya. Kampuni ilitengeneza magari. Sisi gari hatukuwa nalo. Tulikuwa na cherehani ya Kampuni na kitanda cha Kampuni, maana viwanda vya ukoo wenye Kampuni vilitengeneza kila kitu, na wazee walisema hata kabla ya gari la kwanza walianza na mitambo ya kufumia nguo. Mume wangu, Tadao, alisema siku moja kwamba tukikaa sana watatutengenezea na jeneza, nalo litakuja na dhamana ya miaka mitano.

Kazi yake ilikuwa kufunga milango ya magari. Wiki moja aliingia mchana, wiki ya pili usiku. Wiki za usiku alilala kuanzia asubuhi mpaka saa tisa, pazia limefungwa, na mimi na binti yetu Nagisa tuliishi kama wezi ndani ya nyumba yetu. Nagisa alikuwa na miaka mitatu, na nadhani alijua kutembea kwa ncha za vidole kabla hajajua kukimbia. Cherehani haikuguswa. Hata bomba la maji nililifungua kidogo kidogo. Baridi ikiwa si kali sana nilimfunga mtoto mgongoni, tukaenda kuzunguka ukingo wa mto mpaka baba yake aamke.

Wanawake wa jengo nilikutana nao asubuhi ya kutoa takataka. Mimi ni mtu wa Koshiki, kisiwa cha kusini kabisa, na wiki ya kwanza nilipowaamkia kwa lafudhi ya kwetu wawili waliziba midomo kwa mikono. Hawakuwa wabaya, lilikuwa jambo la kuchekesha tu. Lakini tangu siku hiyo niliinamisha kichwa nikapita. Zilikuwepo siku nilizofika jioni nikagundua neno pekee nililolitamka tangu kuamka ni "shii."

Mwalimu Kamiya alikuja katikati ya Januari, wiki ya mchana, kwa baiskeli yenye kikapu kilichojaa vipande vya vitambaa. Mwanamke wa miaka thelathini na mitano hivi, mashavu mekundu kwa upepo. Nilikuwa na nia ya kumwambia mlangoni kwamba najua kushona, apige muhuri aende zake. Nilijifunza shule ya jioni, miaka minne, darasa baada ya zamu. Lakini alivua viatu, akaketi, akasugua mikono, akasema, "Haya, Mama Nagisa. Tuanze mwanzo kabisa, kama hujawahi kuona sindano maishani. Usione aibu, wengi wako hivyo."

Akaanza. Akanionyesha jinsi ya kujaza uzi kwenye bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, jinsi ya kuitia ndani ya kijumba chake cha chuma uzi ukitokea upande unaotakiwa, kuupitisha kwenye ule mwanya mwembamba, kuuacha mkia wa kidole kimoja, kisha kusukuma mpaka usikie *ta*. Alinishika mkono akaupeleka. Alizungumza saa nzima. Tangu niolewe hakuna mtu aliyezungumza na mimi saa nzima.

"Sasa wewe," akasema.

Nikaiweka kinyume. Sikupanga. Vidole vilifika kwenye kijumba, nikaigeuza.

Uzi wa chini ukajikusanya chini ya kitambaa kama tambi. Mwalimu Kamiya akacheka mpaka akajifuta macho. "Bobini si mume, Mama Nagisa. Ukimgeuzia mume mgongo atavumilia mpaka kesho. Hii haivumilii hata sekunde."

Ziara ya pili niliiweka kinyume tena. Ya tatu nilisahau kuupitisha uzi kwenye mwanya, na nilisahau kwa ufundi mkubwa. Aliitazama ile kadi, akanitazama mimi, akachora kisanduku cha nne kwa kalamu. Ruhusa hiyo walimu walikuwa nayo, kwa wateja wazito wa kuelewa.

Nikasema, "Samahani sana, Mwalimu. Kichwa changu kigumu."

"Kichwa si tatizo. Una haraka mahali? Mimi sina." Akajimiminia chai.

Aliponiuliza niliwahi kufanya kazi gani, nikamwambia niliuza kwenye duka la mboga.

Ziara ya nne alileta machungwa madogo. Tukakaa na Nagisa, miguu chini ya meza fupi yenye moto chini yake, blanketi lake mpaka kiunoni, tukamenya. Akanieleza habari za mama mkwe wake aliyelala kitandani mwaka wa pili, ambaye kila jioni humuuliza yeye ni nani, na akijibiwa husema, "Basi mwambie Fusae uji una chumvi." Fusae ndiye Mwalimu Kamiya mwenyewe. Akaniambia nimsemeshe kwa Kikoshiki. Nikakataa, akasihi, nikamsemesha. Alicheka, lakini alicheka huku akirudia maneno, akayakosea, akayarudia tena, mpaka Nagisa akawa anamsahihisha. Bobini ilipofika zamu yake nilishaisahau kabisa, na kidogo niiweke sawasawa.

Kazini walimcheka Tadao. Mume wa mwanamke mmoja wa jengo letu alifanya kazi naye kwenye mstari wa kuunganishia magari, na habari zilifika. "Wananiuliza kama mke wangu ameshapata leseni ya bobini," alisema akila. "Nikawaambia anasomea udaktari wa bobini." Hakukasirika. Alikula, akaoga, akalala. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, lakini saa tatu alikuwa anakoroma.

Nilikuwa na kitambaa cha bluu kilichokatwa tayari, nimekificha kabatini. Aprili Nagisa angeanza shule ya chekechea, na shule ilileta karatasi yenye vipimo: mfuko wa vitabu, sentimita thelathini kwa arobaini, vishikio viwili, ushonwe na mama mwenyewe. Kazi ya nusu saa. Sikuushona. Mfuko uliokamilika ungekuwa ushahidi. Nilihesabu wiki: ziara ya tano katikati ya Machi, ya sita mwisho wa Machi, na labda ya saba.

Ziara ya tano alikuja bila kusugua mikono. Aliketi mbele ya cherehani moja kwa moja.

"Leo tusicheke, Mama Nagisa. Leo utaiweka hii bobini hata kama tutalala hapa."

Nikamuuliza kuna nini.

"Kuna ubao ofisini. Majina yetu sote na idadi ya ziara kwa kila mteja. Watu wana mbili, tatu. Mimi nina tano, kwa mteja mmoja, wino mwekundu. Mkuu wetu ameniita. Anasema mwalimu asiyeweza kufundisha bobini atafundisha nini." Alikuwa anafungua kijumba, anapuliza vumbi lisilokuwepo. "Niko kwenye majaribio mpaka tarehe thelathini na moja. Wananiajiri au wananiacha. Na yule mama mkwe wangu, sitapata mtu wa kukaa naye nikianza kutafuta kazi kwingine."

Nikainua birika la chai.

"Nimewaza usiku, labda si wewe. Labda ni mashine." Akainamisha kichwa, akachungulia ndani. "Wewe mtu mwenye akili, unanihadithia mambo ya maana, halafu hii tu ikushinde? Haiwezekani. Nitaandika mashine ina kasoro, waichukue kiwandani waifungue. Hapo jina langu litapona."

Ungekuwa wakati mzuri wa kusema. Nilijua kuwa mashine ni nzima, na kiwandani wangeifungua wakakuta nzima, na yeye angeonekana mwongo juu ya ujinga. Nilijua yote hayo, na bado nilikuwa nimeshika birika la chai nafikiria kwamba mashine ikienda kiwandani, atalazimika kuja tena kuirudisha.

Akaweka kitambaa, akaanza kushona mwenyewe, kwa haraka, kuijaribu. Uzi wa juu ukakatika. Ncha mbili zikaning'inia, moja upande wa kigurudumu cha uzi wa juu, moja karibu na sindano.

Nilikuwa nimesimama karibu. Mkono ulikwenda peke yake. Nilishika ncha zote mbili kwa kidole gumba na cha shahada, nikazikunja, nikavuta. Fundo dogo kama punje ya ufuta, mikia hakuna. Nadhani zilipita sekunde mbili.

Mwalimu Kamiya hakusogea. Alilitazama lile fundo. Kisha akaliinua kwa ukucha, akalitazama kwa karibu.

"Hili si fundo la duka la mboga," akasema.

Niliurudisha mkono wangu.

"Kiwanda gani cha nyuzi?"

"Cha pamba," nikasema. "Cha hapa hapa, ng'ambo ya reli. Miaka mitano. Nililetwa kwa treni na wenzangu arobaini, nikiwa na miaka kumi na tano."

"Mimi cha Ichinomiya, cha sufu. Miaka sita." Bado alikuwa ameshika uzi. "Msimamizi wetu alisimama na saa mkononi. Sekunde tatu kila fundo, ukizidi unarudi mwanzo wa mstari mbele ya wote. Nyinyi?"

"Tatu."

"Mtu anayefunga hivi anashindwa kuweka bobini."

"Hapana," nikasema. "Hashindwi."

Nagisa alikuwa anacheza na maganda chini ya meza. Mwalimu Kamiya alifunga kijumba, akakifungua, akakifunga. Shingo yake ilikuwa imewiva kuliko mashavu.

"Mimi nimesimamishwa mbele ya ubao kwa ajili ya mchezo wako."

"Najua. Nimejua sasa hivi."

"Ungesema tu, Mama Nagisa."

"Ningesema nini?"

"Kwamba unataka mtu aje anywe chai."

"Ungekuja?"

Alifungua mdomo, halafu akafikiri. Namshukuru mpaka leo kwamba alifikiri. "Nisingekuja," akasema. "Nina wateja kumi na wanne wiki hii, na nyumbani yule mzee. Nisingekuja."

Nilikwenda kabatini nikatoa kile kitambaa cha bluu. Nikaketi kwenye kiti chake, nikatoa bobini, nikaijaza, nikaiweka. *Ta.* Nikashona pembeni, nikakunja, nikashona vishikio kwa misalaba midogo ili visikatike. Sikuinua macho. Alisimama nyuma yangu muda wote, na hakunena, ila mara moja, nilipofika kwenye kona, aliguna kama mtu aliyeona kitu kizuri akiwa bado amekasirika.

Nilipokata uzi wa mwisho alichukua mfuko, akaugeuza ndani nje, akauvuta. Kisha akatoa kadi, akachora kisanduku cha tano, akakipiga muhuri pamoja na ule mstari wa mwisho. Mimi nikapiga muhuri wangu. Chini, penye nafasi ya maelezo, aliandika kitu kwa maandishi ya haraka.

"Nimeandika mteja alikuwa mgonjwa ziara mbili za kati," akasema. "Si uongo sana."

"Watakubali?"

"Sijui. Nitawaonyesha mfuko, ukiniazima mpaka kesho kutwa. Nitauacha kwenye sanduku lako la barua, chini. Sitapanda."

Mlangoni alivaa viatu kwa shida, nikamshikia kikapu. Alikipokea. "Fundo lako zuri kuliko langu," akasema, akashuka ngazi. Nilimsikia mpaka chini kabisa.

Tadao alirudi saa moja. Alipomaliza kula aliuliza kama alivyouliza kila mara, "Haya, leo umefaulu?"

"Nimefaulu," nikasema. Na kwa kuwa hakuinuka upesi, nikaendelea. Nilimweleza yote, la kwanza mpaka la mwisho, pamoja na duka la mboga. Nilisema haraka, macho kwenye bakuli, nikihofu atasinzia kabla sijafika mwisho.

Hakusinzia. "Miezi miwili wananicheka," akasema, "na ulikuwa unajua?"

"Tangu siku ya kwanza."

Akazungusha kikombe. "Hayo yote, ili akae tu?"

"Ili azungumze."

"Mimi huwa nimelala," alisema, taratibu, kana kwamba ni jambo aliloambiwa leo.

"Ndiyo."

"Na Jumatatu naingia usiku tena."

"Ndiyo."

Nagisa alikuwa ameshalala. Tadao akasogea kwenye cherehani kwa magoti, akaufungua mlango mdogo wa chini. Vidole vyake ni vinene, vina makovu ya boliti. "Nionyeshe," akasema. "Milango naijua. Nionyeshe hiki."

Nikamwonyesha upande uzi unakotokea, mwanya, mkia wa kidole kimoja. Akaiweka kinyume. Nikamrekebisha, akaiweka, ikaanguka sakafuni, tukaitafuta chini ya meza. Akauliza kule kiwandani tulikuwa wangapi chumba kimoja. Nikamwambia kumi na wawili. Akauliza nani alikuwa akikoroma. Nikamwambia majina yao, na mengine nilidhani nimeshayasahau.

Mara ya nne alikosea tena, uzi ukatoka upande uleule. Nilimtazama usoni, sikuweza kujua kama amekosea kweli. Nikamwambia arudie.