Jina Langu Nje ya Kufuli

Hasira zangu zinajulikana ghorofa nzima, sikatai. Lakini kazi naijua. Benki ya damu ninayoitumikia hapa Semarang haina chumba cha kompyuta. Seva, mtandao, orodha za wachangiaji, vyote viko kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi za mbali, nami nimeviandika katika faili moja ili vikae kama kundi. Kilichomo kwenye faili kinaishi. Ukikiondoa humo ukabonyeza, mfumo nao unakifuta kule kwenye wingu, bila huruma. Ndiyo maana nikaweka kufuli: asifute mtu kitu chochote. Isipokuwa mimi. Jina langu nililiacha nje ya kufuli, maana nani wa kunifundisha kazi?

Siku mbili kabla ya Idi, saa nane mchana, nilikuwa nasafisha lile faili mbiombio, vya kubaki nikivihamishia kwenye faili lingine, kundi jipya. Treni yangu ya kwenda kwa mama yangu, mjini Madiun, ilikuwa saa kumi. Asubuhi wadi ya wazazi ilikuwa imeomba mchangiaji mwenye damu hasi, yaani Rh hasi, kwa ajili ya mama mmoja wa kupasuliwa kesho yake. Huku Jawa watu hao ni wa kutafuta kwa tochi; sisi tulikuwa nao mia mbili na kumi na wawili, na simu zao.

Desturi yetu, kabla ya kufuta unamsomea mwenzako orodha ya vitakavyofutwa. Mwenzangu ni Seno, mtu mzima, baba wa watoto wawili, tumekaa meza moja miaka tisa.

"Kumi, seva ya majaribio," nilisoma. "Kumi na moja, orodha ya damu hasi, hiyo nimeshaiandika kwenye kundi jipya. Kumi na mbili, nakala rudufu yake. Basi. Nabonyeza."

Seno akakohoa. Huniita Mbak, yaani dada mkubwa kwa Kijawa. "Mbak Laras, nikuletee chai?"

"Chai ya nini?"

"Ya tangawizi."

"We Seno! Si tumefunga?"

"Ndiyo, Mbak." Hakuondoka. Jasho lilimtoka, na kiyoyozi kinanguruma. "Au kahawa?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimtukane, nikakumbuka kitu. Seno kalelewa kutompinga aliyemzidi umri. Hata nyumba ikiwaka moto atakuuliza kama unasikia joto. Nikatoa kidole kwenye kitufe, nikasoma upya namba kumi na moja.

Mungu wangu! Kwenye kundi jipya nilikuwa nimeiandika tu. Kundi la zamani sikuwa nimeliambia liiachie, kwa hiyo bado ndilo lililoimiliki, na lingeifuta pamoja na nakala yake. Kufuli lisingenizuia mimi. Nikamfikiria yule mama kule wadi ya wazazi.

Tulifanya upya, polepole: kundi la zamani likaiachia bila kuifuta, jipya likaipokea. Tukahesabu majina. Mia mbili na kumi na wawili. Treni ilikuwa imekwenda.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Nilisema, Mbak."

"Ulisema chai!"

Akainamisha kichwa. Nikaliingiza jina langu ndani ya kufuli, nikaweka sharti kwamba ombi langu lolote la kufuta kitu, ni Seno wa kulikubali au kulikataa. Kisha nikatuma ombi la uongo, nifute seva ya zamani isiyo na kitu.

"Nikatalie," nikamwambia. "Kwa mdomo, siyo kwa kubonyeza tu."

"Mbak ukiona inafaa..."

"Seno."

"Labda tungeangalia kwanza..."

"Seno! Nikatalie!"

Akatazama viatu vyake.

"Hapana," akasema, kwa sauti ndogo kabisa.

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Miaka tisa, na ndiyo kwanza nalisikia neno hilo kinywani mwake.