Aiskrimu Yenye Moshi

Habaryar Ramlo, dada mdogo wa mamangu, aliuza ngamia ya mwisho ya ayeeyo ndio anunue mashine ya aiskrimu. Hiyo ujue kwanza. Ayeeyo, yaani nyanya yetu, alifariki kule Modogashe, ukame ulikuwa umemaliza zile zingine zote, ikabaki hiyo moja tu, jike nyeupe. Na habaryar akasema, "Nikinunua mashine mbaya, ngamia ya mama imekufa bure."

Mimi nimemaliza fomu foo na niko tu. Leo nataka kwenda Isli kule Nairobi, kesho nataka kudandia lori ya Mandera, keshokutwa nashindwa hata kutoka kitandani. Akaniambia, "Abdilatif, amka. Wewe ndio unajua Kiingereza ya mashine."

Tukaenda duka ya Mursal, hapa Garissa mjini. Mursal amelelewa Nairobi tangu akiwa mdogo, Kisomali yake inachechemea, so biashara anafanya na Kiswahili. Alikuwa na mashine tatu zimepangwa kwa ukuta.

"Hii kubwa inapozwa na maji," akasema. "Joto ya Garissa haiiwezi."

"Maji ya nani?" habaryar akauliza. "Mimi maji naletewa na punda. Punda ikigoma, mashine inywe nini?"

Hiyo ikatoka. Zikabaki mbili za kupozwa na hewa, na zote zinatumia stima ya kawaida, ile ya nyumba. Mursal akatuambia tu tusizibane na ukuta, hiyo hewa ya moto lazima ipate pa kutokea. Tofauti ilikuwa moja. Ya kwanza ina pampu, inasukuma hewa ndani ya maziwa. Ya pili haina, maziwa inashuka yenyewe.

"Ya pampu ndio biashara," Mursal akasema. "Maziwa kidogo inajaa koni mingi. Inasimama juu ya koni kama mnara ya msikiti."

Mimi nilikuwa upande ya pampu, wallahi.

"Nijaribu na maziwa yangu," habaryar akasema.

Alikuwa amechemsha maziwa ya ngamia ya kununua sokoni na sukari na maziwa ya unga, akaipoza kwa friji. Lakini ameileta kwa kibuyu ya ayeeyo. Na kabla ya kuimwaga humo, alifanya vile wamama wetu hufanya wakingoja wageni: akaingiza kijinga cha moto ndani ya kibuyu, akafunga, akatikisa mpaka moshi ikashika. Sasa nani anafukizia mashine moshi?

Mursal akanusa. "Habaryar! Hii maziwa imeungua!"

"Imeungua kichwa yako. Wewe Msomali gani? Kwenu mlikunywa maziwa gani?"

"Ya pakiti."

"Ndio maana uko mwembamba kama sindano."

Tukamwaga kwa mashine zote mbili, tukangoja zikinguruma. Ya pampu ikatoa kwanza. Ndefu, laini, inapendeza hata kupiga picha. Nikalamba. Tamu, baridi, imeisha. Habaryar akalamba, akameza, akangoja kidogo kama mtu anasikiliza simu ambayo haishikwi.

"Moshi iko wapi?" akauliza.

Ya pili ikatoka fupi, nzito, imeinama upande. Nikalamba hiyo pia.

Na hapo hapo nikawa Modogashe, likizo ya darasa la nne. Ayeeyo amechuchumaa anapuliza kaa la moto, macho inamtoka machozi, anatutukana sisi watoto tusiguse maziwa ya wageni. Halafu wageni wakiangalia kando ananimiminia kwa kifuniko, ananificha na shuka yake. Maziwa ilikuwa ya moto wakati huo. Hii ilikuwa inagandisha meno, lakini ni ile ile.

Habaryar naye akalamba, akageuka akaangalia ukuta.

"Nikwambie ukweli," Mursal akasema polepole. "Watoto wa town hawajui moshi. Wanataka koni ndefu. Hii fupi watasema umewaibia."

Hakukosea, hiyo ndio ilikuwa shida. Habaryar akaniangalia. "Wewe kijana wa town. Unasemaje?"

Nikaangalia ule mnara wa pampu, ulikuwa umeshaanza kumwagika mkononi mwangu.

"Habaryar, tukichukua hii, tumeuza ngamia tukanunua upepo."

Akacheka. Tangu mazishi sikuwa nimesikia hiyo kicheko.

Tukaipakia ile mashine ya koni fupi kwa tuktuk. Yeye akakaa nyuma nayo, mkono juu yake. Barabara ina mashimo, na kila tukirushwa alikuwa anaipapasa na kuguna chini chini, "hoo, hoo," ile sauti ayeeyo alikuwa anatuliza nayo ngamia jioni akikamua. Sidhani alijua anafanya hivyo. Nikamwambia dereva aende polepole.