Robo ya Gari

Mume wangu Ishak hakuuawa na gari lake, na jambo hilo liliwashangaza watu wengi mjini Nakuru. Aliuawa na kichomi, kitandani kwake, kwa siku nne, mwaka wa hamsini na saba. Hata siku ya mazishi nilimsikia mtu nyuma ya nyumba akiuliza, "Mna hakika haikuwa breki?" Nilitaka kukasirika, lakini swali lenyewe lilikuwa la haki.

Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, kuukuu, la milango miwili, alilolinunua kwa mzungu mmoja wa Njoro aliyekuwa akirudi kwao. Breki zake hazikuwa za mafuta. Zilikuwa vyuma vyembamba vilivyopita chini ya gari kutoka kwenye kikanyagio mpaka kwenye kila gurudumu, na vyote vinne vilikuwa vimechoka. Ukikanyaga, gari lilitulia kidogo, likafikiri, kisha likaendelea na safari yake. Ishak alikuwa na mahali pake maalumu pa kusimama kila mtaa, na kila mahali palikuwa na mwinuko.

Miaka miwili ya mwisho dereva nilikuwa mimi, kwa sababu macho ya Ishak yalipungua mpaka akawa anasalimia nguzo za simu. Alfajiri nilioka mikate, asubuhi tukaipeleka kwenye maduka ya mashambani, Bahati hadi Subukia. Tulikula kwa mikate hiyo. Bila gari ningerudi kuuza mandazi barazani pale Bondeni, na siku zile wauza mandazi wa Bondeni walikuwa wengi kuliko walaji.

Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani, kama inavyotakiwa. Shemeji yangu Shariff, mfanyabiashara wa ngozi, alitumia muda huo vizuri. Nilipotoka eda nilikuta ameshatafuta mnunuzi wa gari, karani wa reli aitwaye Zeddy, na ameshamwita Mwalimu Obeid wa madrasa aje atugawie mirathi.

Hesabu haikuwa ndefu. Nyumba ilikuwa ya kupanga. Ishak aliacha gari, saa ya mfukoni isiyokwenda, na kofia tatu. Mtoto hatukujaliwa, wazazi wake walikuwa wametangulia, ndugu yake ni Shariff peke yake. Mwalimu Obeid akasema robo ni ya mjane na kinachobaki ni cha ndugu.

"Robo ipi?" nikauliza.

Mwalimu akainua kichwa. "Ipi vipi, mwanangu?"

"Robo tatu za gari ni za shemeji. Nataka kujua ile yangu ni upande gani. Isije ikawa ni honi."

Mwalimu akanieleza kwa upole kwamba robo haina upande, ni ya thamani, gari likiuzwa nitapewa fungu langu. Lakini Shariff alikuwa ameshaanza kucheka, na Shariff akicheka huwa hajui pa kuachia. "Chagua gurudumu, shemeji! Si yapo manne? Chukua moja, hayo matatu uniachie."

"Nimechukua la mbele, upande wa usukani," nikasema.

Mwalimu Obeid akafuta miwani yake. Upuuzi alikuwa akiujua akiusikia, ila pilau ilikuwa imeshaanza kunukia kutoka jikoni, akaanza kukunja mikono ya kanzu.

Basi nikamwomba Shariff anipe mwaka mmoja. Niuze mikate, nimlipe sehemu yake kidogo kidogo, gari libaki kwangu. Akatikisa kichwa. "Gari haisimami hii, shemeji. Utakufa kabla ya mwezi. Nani atanilipa?"

"Na likisimama?"

"Ikisimama kwa mteremko wa Bahati, mimi nikiwa ndani, nimekubali, mbele ya Mwalimu. Isiposimama, Jumamosi Zeddy anachukua."

"Na breki atatengeneza nani?"

Hapo akajinyoosha kama mtu anayetoa sadaka. "Kila mtu na gurudumu lake."

Kosa langu lilianzia hapo, na sitamsingizia mtu. Mwanamke mwenye akili zake angetafuta vipuri hafifu vinne akatengeneza magurudumu yote. Mimi nilikuwa na hasira. Nilikuwa na uwezo wa kutengeneza gurudumu moja vizuri au manne vibaya, nikaona nitamuudhi Ishak kaburini nikimtengenezea Shariff mali yake. Nikaenda zangu kwa Mburu.

Ephantus Mburu alikuwa na gereji ya mabati nyuma ya duka la mbao, na alifanya kazi kwa haraka kwa sababu kipande chake, kile kibali cha serikali, hakikumruhusu kuonekana barabarani baada ya jua kutua. Alilizunguka gari, akalipiga teke, akaingia chini yake, akatoka.

"Mama, unataka mimi nitengeneze moja? Hii gari iko na magurudumu nne."

"Matatu si yangu."

Akaningoja nimalize mzaha. Alipoona nimemaliza, akaweka spana chini. "Sasa mama, breki ya gurudumu moja hiyo si breki. Hiyo ni usukani ingine."

"Wewe tengeneza, Mburu. Nitakulipa mikate, kila siku, mpaka Krismasi yenu."

Mburu alikuwa na watoto saba, na habari ya mikate ilimwingia. Akafanya kazi ambayo mpaka leo naisifu. Kwenye gari la mizigo lililokuwa limepinduka huko Mbaruk alichomoa dramu ya gurudumu, lile bakuli la chuma ambalo breki hukaza ndani yake, pana kuliko yetu kwa vidole vitatu, akatoboa matundu mapya ili ikae. Vile vipande vya ndani vinavyokaza gurudumu alivivika ngozi ya breki ya lori, akaikata kwa msumeno wa chuma, akaipiga tupa mpaka ikalala sawasawa, akaigonga ribiti, vijisumari vya shaba. Chuma cha kuvutia akakibadilisha na kinene. Siku mbili nzima. Alipomaliza, gurudumu langu la mbele lilikuwa na breki ya kusimamisha lori la kuni, na mengine matatu yalikuwa na kutu ya Shariff.

Tukalijaribu kwenye uwanja wa mpira, asubuhi, pakiwa hapana watu. Nikaenda mwendo wa baiskeli, nikakanyaga. Gurudumu langu likasimama palepale kama punda aliyekataa mzigo. Ya Shariff yakaendelea. Gari lote likazunguka upande wa kulia, na vumbi lilipotulia nikajikuta natazama nilikotoka. Mburu alikuwa amekaa chini, ameshika mbavu kwa kicheko.

"Si nilikuambia mama!" alisema mwishowe, akifuta machozi.

Nilijisikia mjinga, na ujinga wa kulipiwa kwa mikate unauma zaidi. Lakini Jumamosi ilikuwa inakuja na muda wa kurudi nyuma haukuwapo. Mburu akaniambia kitu kimoja tu cha kufanya: kabla mguu haujagusa, vuta usukani kushoto kwa nguvu zote, kisha kanyaga taratibu, taratibu, kama unaosha mtoto. Nikafanya hivyo siku tatu. Mikono ilivimba hata nikashindwa kukanda unga. Siku ya tatu nilisimama mbele ya debe tupu bila kuligusa, gari likiwa limenyooka, au karibu limenyooka. Nililia kidogo, peke yangu, nikiwa nimeegemea usukani. Niliona naweza.

Alhamisi tukatoka wanne kwenda Bahati. Mwalimu Obeid alikuja kama shahidi, Mburu alikuja kwa ajili ya kazi yake. Nilipotaka kuingia upande wa dereva, Shariff akaweka mkono mlangoni.

"Mwenye robo tatu ndiye anaendesha."

"Shemeji, gari hili sasa lina desturi yake. Ukitaka kukanyaga, kwanza uvute..."

"Mimi nimeendesha lori ya ngozi mpaka Ravine kabla hujaolewa. Mwanamke hatanifundisha kukanyaga breki."

Lori lile lilikuwa likiendeshwa na dereva wake, yeye akilala pembeni, mji mzima unajua. Ningeweza kumwambia mara ya pili. Sikumwambia. Mungu ananijua, na Mburu pia ananijua, maana alinigusa bega kutoka kiti cha nyuma nami nikajifanya sikusikia.

Tukafika mteremkoni. Shariff alishika usukani kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa dirishani, akitueleza bei ya ngozi za mbuzi. Gari likashika kasi. Chini kabisa, siku zile za Hali ya Hatari, askari walikuwa wameweka kizuizi, mti mrefu uliolala barabarani juu ya mapipa mawili. Askari akainua mkono. Shariff akakanyaga kwa mguu mzima, kama anaua nyoka.

Gurudumu langu lilifanya kazi yake. Tulivuka barabara kwenda kulia, tukaruka mtaro, tukapita kwenye uzio wa mbao ambao baada ya hapo haukuwa uzio, na tukasimama taratibu, kwa heshima, katikati ya zizi la nguruwe la mzungu mmoja tuliyekuwa tukimwita Bwana Kidevu.

Hakuna aliyeumia. Nguruwe jike mkubwa alinyanyuka mbele ya boneti, akatutazama kama tumemkatizia chakula, akaja kunusa. Wengine wakamfuata. Mwalimu Obeid, mzee wa miaka sabini asiyeweza kupanda ngazi ya msikiti bila kushikwa mkono, nilipogeuka nilimwona ameshapita dirishani na yuko juu ya paa. Shariff alibaki ndani, miguu juu ya kiti, akisoma dua zote alizozijua bila kupumzika.

Bwana Kidevu akaja mbio na fimbo. "Nani navunja boma yangu? Gari ya nani hii?"

Nyuma yake akaja askari wa pale kwenye kizuizi na kijitabu chake, akiwa tayari amelowesha ncha ya kalamu kwa ulimi. "Mwenye gari ni nani? Hii gari haina breki. Hii ni kesi."

Nikamtazama Shariff. Niliona mawazo yakipita usoni mwake moja moja: uzio, kesi, na kubwa kuliko yote, Ijumaa msikitini, watu wakiulizana ni gari la nani lililokutwa limelala na nguruwe.

"Si yangu," akasema.

"Sikusikia, shemeji."

"Si yangu! Ni ya huyu mama. Mimi nilimsaidia kuendesha tu."

"Lote?" nikauliza. "Mpaka magurudumu ya nyuma?"

"Yote! Yote ni yake! Mimi sina hata msumari humu ndani!"

Nikatoa kichwa dirishani nikatazama juu. "Mwalimu, umesikia?"

"Nimesikia." Alikuwa amekunja kanzu mpaka magotini na sauti yake ilitetemeka, lakini elimu ilikuwa mahali pake. "Amekiri mwenyewe, ana akili timamu, hakulazimishwa na mtu, mbele ya mashahidi. Mimi, Mburu, askari, na huyu bwana. Hao wengine sikuwahesabu."

Shariff akaelewa. Niliona alivyoelewa, kuanzia nyusi kushuka chini. Akafungua mdomo.

"Mwenye gari nalipa boma yote!" akapiga kelele Bwana Kidevu, akigonga boneti kwa fimbo. "Yote!"

Shariff akafunga mdomo.

Nikafungua mlango nikashuka, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu, nguruwe wakinizunguka. "Mimi ndiye mwenye gari," nikasema. Sikuwahi kuyatamka maneno hayo, hata Ishak alipokuwa hai. Nikayasema tena ili askari ayapate vizuri.

Aliandika polepole, herufi moja moja: Samsam binti Warsame, mjane, mwoka mikate, mwenye gari. Nikamwomba anisomee. Akanisomea, akashangaa kwa nini namshukuru.

Jumamosi Zeddy alikuja na pesa zake mfukoni, Mwalimu Obeid akamweleza kwamba muuzaji hana cha kuuza. Uzio tuliujenga upya, mimi na Mburu, na Bwana Kidevu akala mikate yangu bure mpaka akaanza kuinunua. Kesi ikasikizwa Nakuru baada ya wiki tatu. Hakimu alitazama karatasi, akasema kwa Kiingereza, na mkalimani akanigeukia.

"Unashtakiwa kwamba wewe ni mwenye gari ambalo breki zake ni mbovu. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli," nikasema. "Ni langu."

"Umeulizwa habari ya breki, mama."

"Ni mbovu. Na ni langu."

Mkalimani akaninong'oneza kwamba jibu moja lilitosha, na kwamba mbele ya hakimu si vizuri mtu kulia huku anacheka. Faini nikalipa. Ile karatasi ya mashtaka, yenye jina langu na muhuri wa mahakama, nikaomba nipewe nakala, na karani akataka kujua ni ya nini. Nikamwambia hiyo ndiyo hati ya gari langu.