Shikamoo ya Padri Hippolyte

Msinione nimezeeka mkadhani nimepoa. Hasira zangu ninazo bado, na nyingi ni za mwaka sabini na saba, tangu siku Sista Teresa wa misheni aliponiletea yule kijana barazani kwangu Kamwokya nimpime kanzu.

Mimi ni Mahfudha binti Nasser, mshonaji. Babu yangu alitoka Tanga na misafara ya biashara, akaoa Mganda, akabaki. Mapadri hawakujali dini ya cherehani yangu. Nguo zao za altare nilizishona miaka na miaka. Basi nimekaa zangu, pini mdomoni, wateja watatu kwenye mkeka, huyo Sista akaingia na padri mpya. Kijana mwembamba, miaka ishirini na saba, jina lake Hippolyte, ametumwa kutoka Zaire na alikuwa amefika jana yake tu. Akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Shikamoo, mama. Pole na kazi."

Lahaula! Wateja wangu wote watatu walikumbuka ghafla kuwa wana shughuli kwingine. Mmoja aliacha hata kitambaa chake.

Nyinyi mliozaliwa juzi hamtaelewa. Kampala ya siku zile Kiswahili kilikuwa cha askari, tena kile cha kuvunjikavunjika: "wewe kuja hapa", "lete kipande". Kilichonyooka kilikuwa cha Tanzania, na Tanzania ndiyo adui. Watu waliokimbilia huko walirudi na bunduki mwaka sabini na mbili, wakashindwa, na tangu hapo mtu akitoa neno kama "shikamoo" au "ndugu" mdomoni, hakuna aliyemuuliza mengi, alichukuliwa tu. Mume wangu Uthman alichukuliwa mwezi ule ule wa uvamizi, kwa sababu ya barua ya shangazi yake wa Tanga. Barua ya salamu tu! Hakurudi. Mimi nikahamia Kiganda, na mbele ya askari nikajifanya hata "njoo" siijui vizuri.

Nisiwadanganye. Kwa miaka mitano hakuna aliyekuwa ameniamkia kwa lugha ya nyumbani kwetu. Moyo wangu ulifurahi, na kwa sababu ulifurahi nikazidi kukasirika. Nikamvuta mkono hadi ndani, nikafunga mlango.

"Nani kakufundisha kusema hivyo?"

"Seminari, mama. Nimesoma Tabora miaka sita."

"Tabora! Na njiani umewasalimu watu?"

"Wachache tu."

"Umewaitaje?"

"Ndugu."

Nikakaa chini. Sista Teresa alikuwa ameegemea ukuta, uso umemsawijika. Akaniambia mgeni ana siku saba za kwenda kuripoti ofisi ya serikali Nakasero na pasi yake ya kusafiria, la sivyo atasakwa. Na njia ya kwenda Nakasero ilikuwa na kizuizi cha askari.

"Sista, huyu hafiki," nikasema.

"Najua. Ndiyo maana nimemleta kwako. Kanzu ingesubiri."

Kumbe nimeletewa mwanafunzi. Alasiri hiyo hiyo nikaanza naye.

"Kwenu mnazungumza nini?"

"Kinande, mama. Na Kifaransa shuleni."

"Nakuuliza Kiswahili. Kongo nzima ya mashariki inazungumza Kiswahili."

Akatazama sakafu. "Kile? Kile tulichekwa nacho Tabora. Mwalimu alikuwa akikiita uchafu."

"Hebu kiseme."

Mngemwona! Kama nimemwambia avue shati mbele ya watu. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Miye niko natoka Butembo. Batu ba misioni njo banitumaka."

Nilicheka hadi nikajichoma sindano. "Hicho hicho! Nani nyumbani anakizungumza?"

"Mama yangu. Mama Mbambu."

"Basi hicho ndicho kitakachokurudisha kwa Mama Mbambu."

"Lakini si udanganyifu, mama? Mimi ni padri."

"Udanganyifu uko wapi? Umetoka Butembo au hukutoka? Sema kama mtu wa Butembo, wacha kunitolea mimacho."

Siku nne nilimkalisha kando ya cherehani. Akisema "tafadhali", nampiga vidole kwa rula. Akisema "samahani", rula. Mimi nilijifanya askari, nikamfokea, "Wewe natoka wapi? Hii mufuko iko na nini?" naye akajibu kama alivyokuwa akimjibu mama yake jikoni, mwishowe hata akaanza kukifurahia, akanisimulia vituko vya kwao kwa lugha ile ile. Siku ya nne aliingia akasema, "Jambo, mama. Uko muzima?" Safi kabisa. Nikamsifu, kisha nikageuka kutafuta uzi ambao sikuuhitaji, maana ile shikamoo nilikuwa nimeiua kwa mikono yangu.

Hapo ndipo nilipofanya upumbavu wangu. Kanzu ilikuwa tayari, mlango umefungwa, kesho yake ndiyo safari. Nikamwambia, "Niamkie mara moja. Ile ya Tabora. Mara moja tu, halafu basi."

Akasimama, akaweka mikono nyuma. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Wallahi, nililia. Neno lilikuwa limenikaa kooni tangu Uthman.

Kesho yake asubuhi niliandamana naye. Hakuna aliyeniita, Sista ndiye aliyekuwa aende, nikamwambia abaki, nina vifungo vya kutafuta mjini. Vifungo gani! Nilitaka kumwona mwanafunzi wangu akipita.

Tulikwenda kwa miguu. Kizuizini chini ya kilima walikuwa askari watatu, na pembeni, juu ya kreti la soda, alikaa mtu wa shati la maua na miwani myeusi. Hao wa mashati ya maua, makachero wa serikali, tuliwaogopa kuliko wenye magwanda.

"Wewe natoka wapi?" askari akauliza.

"Jambo, mukubwa. Miye niko natoka Butembo, ku Zaire. Niko padiri."

"Nani natuma wewe?"

"Batu ba misioni, mukubwa. Niko naenda ku biro ya serikali, kuonyesha pasi."

Askari akaangalia pasi, akaangalia kanzu mpya niliyomshonea, akacheka. "Mukongomani huyu. Pita."

Alipita! Nilimwona anavuka lile gogo walilolilaza barabarani, hatua moja, mbili, nami nikafurahi hadi nikajisahau. Nikaokota kikapu changu nimfuate. Yule wa miwani hakuinuka. Alisema tu, kwa upole, kama mtoto aliyelelewa vizuri:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Lilinitoka kama chafya. Nilisikia sauti yangu mwenyewe, nikataka kuirudisha, haikurudi.

Yule mtu akavua miwani. "Aa," akasema. "Mama ni wa wapi?"

Kikapu kilianguka. Askari wawili walikuwa wameshanishika mikono. Hapo nikasikia nyuma yao:

"Mwacheni mama huyo, ndugu zangu."

Alikuwa amerudi. Alikuwa ameshavuka, jamani, alikuwa ng'ambo, na amerudi. Alisimama ameweka mikono nyuma, na hakuna Butembo tena mdomoni mwake.

"Neno hilo nimemfundisha mimi juzi, anishonee huku tukicheka. Yeye ni mshonaji tu. Hajui Kiswahili, wala hajui maana ya alichokiitikia. Mimi ndiye niliyesoma Tanzania, miaka sita. Kama kuna maswali, niulizeni mimi."

Yule kijana aliyeniuliza kama kusema lugha ya mama yake ni udanganyifu! Uongo wake ulitoka umenyooka, hakukosea hata silabi.

Wakaniachia ili wapate mikono ya kumshika yeye. Gari lilikuwa kivulini, halina namba. Walimfungulia buti la gari wamtie. Kabla hajainama alinitazama, nami nikafumbua kinywa niseme ukweli, niseme kwa Kiswahili cha Tanga kwamba mimi ndimi. Alitikisa kichwa kidogo. Nikafumba. Nimejiuliza miaka yote hii kama nilifumba kwa kumtii au kwa woga, na jibu nalijua, ila silipendi.

Sista Teresa alizunguka ofisi zote. Kila mahali aliambiwa hakuna padri wa jina hilo aliyewahi kuingia nchini. Kwa Mama Mbambu ilibidi iandikwe barua. Mimi ndiye niliyeombwa nisaidie kuiandika kwa Kiswahili cha kwao, nikashindwa, kwa kuwa sentensi zote nilizozijua ni zile alizokuwa akizisema yeye kando ya cherehani.

Miaka miwili baadaye jeshi la Tanzania likaingia Kampala, na ule utawala wa askari ukaanguka. Watu walicheza ngoma barabarani. Kijana mmoja wa jeshi lile, vumbi hadi kwenye kope, alisimama mbele ya baraza langu, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

Nilimtazama tu. Akarudia, akidhani sikusikia. Jirani yangu Alum alikuwa pale, akaona haya kwa niaba yangu, akamwambia, "Samehe yeye, afande. Huyu mama hajui Kiswahili."

Sikumkanusha. Ndivyo padri wangu alivyosema.